Shule za Waazteki: Kabla ya Wahispania na Baada Yao



Katika mji wa Oxford, nchi ya Uingereza, kunatunzwa kitabu cha zamani kilichochorwa huko Meksiko karibu na mwaka 1541. Waliokichora walikuwa mafundi wenyeji. Inasadikiwa kwamba aliyeamuru kichorwe ni Antonio de Mendoza, mwakilishi wa mfalme wa Hispania, na kwa sababu hiyo kinaitwa Kodeksi ya Mendoza. Ndani yake zimo habari za wafalme na za kodi. Lakini mbele kidogo tunakuta kurasa ambazo hatukuzitazamia. Ni picha za watoto pamoja na wazazi wao. Mtoto wa miaka 3 ameketi mbele ya baba yake, na karibu naye pamechorwa nusu ya mkate wa mahindi, ndicho chakula chake. Mtoto wa miaka 4 ana mkate mzima. Wa miaka 6 ana mkate mmoja na nusu. Wa miaka 13 ana mikate miwili.

Tufikiri kidogo. Watu hao walikuwa wamepoteza mji wao na wafalme wao, na ilikuwa imepita miaka 20 tu. Walipoulizwa waeleze maisha yao ya zamani, hawakusimulia vita na utajiri peke yake. Walichora pia namna baba na mama walivyomlea mtoto, mwaka kwa mwaka, mpaka siku ya kumpeleka shuleni. Kwao malezi yalikuwa sehemu ya heshima ya taifa.

Leo tunapenda kuwaeleza ninyi wazazi, nanyi wanafunzi, habari za malezi hayo: jinsi yalivyokuwa kabla ya Wahispania, jinsi yalivyovunjika, na jinsi wamisionari wa kwanza walivyojaribu kujenga mengine mahali pake. Ndani ya habari hizo yamo mambo ya kusifu, yamo mambo ya kuhuzunisha, tena yamo mafundisho kwetu.

Watu hao walikuwa nani?

Sisi twawaita Waazteki. Wao wenyewe walijiita Mexica. Katika mwaka 1325, kama mapokeo yao yasemavyo, walianza kujenga mji wa Tenochtitlan juu ya kisiwa ndani ya ziwa Texcoco. Mahali hapo ndipo ulipo leo mji mkuu wa Meksiko. Lugha yao ilikuwa Nahuatl, ambayo bado yasemwa na watu wengi wa nchi ile. Hawakuwa na vyombo vya chuma, wala farasi, wala ng'ombe. Mizigo yote ilichukuliwa mgongoni au katika mitumbwi. Lakini walilima bustani nzuri ndani ya maji ya ziwa kwa kulundika udongo na majani, walijua hesabu ya siku na ya nyota, na walikuwa na vitabu vya picha ambavyo wenye elimu walivisoma na kuvieleza.

Tusifiche jambo la pili. Katika mahekalu yao waliwatoa watu sadaka kwa miungu, na wengi wa watu hao walikuwa mateka wa vita. Ndiyo maana kijana alifundishwa mapema kushika silaha, akaheshimiwa kwa hesabu ya mateka aliowaleta. Kwa hiyo tukisifu malezi yao, hatusifu kila kitu walichowafundisha vijana.

Shule ya kwanza ni nyumbani

Waswahili husema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waazteki wangekubali neno hilo mara moja. Kitabu cha picha chaonyesha kwamba mtoto mwanamume alifundishwa na baba, na mtoto mwanamke na mama. Akiwa na miaka 4, mvulana alitumwa kuteka maji katika mtungi mdogo. Akiwa na miaka 5 alichukua mzigo mwepesi wa kuni mpaka sokoni. Akiwa na miaka 6 aliokota punje za mahindi na maharagwe zilizoanguka sokoni, maana chakula hakitupwi. Akiwa na miaka 7 alianza kushika wavu wa samaki. Msichana naye alionyeshwa pamba na kijiti cha kusokotea nyuzi, na kidogo kidogo mkono wake ukazoea. Alipofika miaka 13 alisaga mahindi juu ya jiwe na kuoka mikate. Alipofika miaka 14 alifuma nguo. Katika miaka hiyohiyo mvulana alikata matete na kuyachukua kwa mtumbwi, kisha akavua samaki peke yake.

Adhabu zao zilikuwa kali. Mtoto wa miaka 8 alionyeshwa miiba ya mmea ulio ndugu wa mkonge, ili aogope. Mwaka uliofuata, kama hakusikia, alichomwa nayo. Mtoto wa miaka 11 aliyezidi ukaidi aliwekwa juu ya moshi wa pilipili. Msomaji aliyewahi kukohoa jikoni kwa sababu ya pilipili iliyoanguka motoni aweza kukisia uchungu huo. Sisi hatumshauri mzazi yeyote kufanya hivyo. Lakini tazameni pia kwamba karibu na mdomo wa baba mafundi walichora alama ya maneno. Baba alimwonya mwanawe kwa maneno kwanza; miiba ilikuja baadaye.

Na maneno hayo yalikuwa mazuri. Waazteki waliyaita huehuetlahtolli, yaani maneno ya wazee. Yalikuwa mashauri yaliyopangwa vizuri, ambayo mzazi aliyajua kwa moyo na kuyatoa kwa sauti ya upole siku zilizostahili: mtoto anapopata akili, anapooa au kuolewa, anapopewa kazi ya ukubwa. Baba alimshauri mwanawe aamke mapema, asile kwa pupa, asiseme kwa kelele, asimcheke mzee wala kilema. Mama alimweleza binti yake kwamba yeye ni kitu cha thamani, tena kwamba maisha ya duniani ni kama njia nyembamba mlimani, huku shimo na huku shimo, na anayepita salama ni yule anayeshika njia ya katikati. Wamisionari walipoyasikia maneno haya walishangaa, kwa maana mengi yalifanana na yale waliyotaka kuyahubiri wao wenyewe.

Nyumba tatu za mafundisho

Kijana alipokua, wazazi walimtoa nyumbani. Kitabu cha picha chaonyesha jambo hilo kwenye miaka 15. Palikuwa na nyumba za namna tatu.

Ya kwanza iliitwa telpochcalli, yaani nyumba ya vijana. Kila mtaa wa mji ulikuwa na nyumba yake. Humo waliingia watoto wa watu wa kawaida. Walikata kuni, walitengeneza mifereji, walilima mashamba ya pamoja, tena walijizoeza vita. Usiku walilala pamoja chini ya macho ya wakubwa wao.

Ya pili iliitwa calmecac, nayo ilishikamana na hekalu. Humo waliingia hasa watoto wa wakubwa, ingawa mtoto wa maskini mwenye moyo aliweza kupokewa. Maisha yake yalikuwa magumu. Vijana walifagia kabla ya mapambazuko, waliamka usiku wa manane kusali, walifunga chakula, na walijitoboa masikio kwa miiba ili kuwatolea miungu damu yao. Walifundishwa kusema kwa adabu, kuimba nyimbo za ibada, kusoma vitabu vya picha, kuhesabu siku na miaka. Humo walitoka makuhani, waamuzi na watawala. Katika kuchagua kuhani mkuu, twaambiwa, hawakuuliza ukoo wake bali mwenendo wake.

Ya tatu iliitwa cuicacalli, yaani nyumba ya nyimbo. Jioni walikusanyika huko wavulana na wasichana, wazee wakiwalinda, wakafundishwa kuimba na kucheza. Msidhani yalikuwa maburudisho tu. Kwa watu wasio na maandishi kama yetu, wimbo ulikuwa kitabu: ndani yake zilikaa habari za mababu, za miungu, na za mwanzo wa taifa. Mtoto aliyejua nyimbo alijua yeye ni nani.

Hivyo nyumbani na shuleni palikuwa na mkono mmoja. Alilosema baba, ndilo alilosema mwalimu, na ndilo lililoimbwa jioni.

Vita na tauni

Mwaka 1519 Hernán Cortés alitua pwani ya Meksiko pamoja na Wahispania wachache. Maelfu ya wenyeji waliowachukia Waazteki, hasa watu wa Tlaxcala, walijiunga naye. Mwaka 1520 ulizuka ugonjwa wa ndui, ambao haukujulikana kamwe katika nchi ile, ukaua watu wengi mno, hata mfalme mmoja. Tarehe 13 Agosti 1521 Tenochtitlan ulishindwa, nyumba zake zikiwa zimebomolewa.

Mahekalu yalipoanguka, calmecac zilianguka pamoja nayo. Walimu wengi walikufa katika vita na kwa ugonjwa. Vitabu vingi vya picha vilichomwa, kwa sababu Wahispania waliona ndani yake kazi ya shetani, wala hawakutofautisha vizuri kitabu cha ibada na kitabu cha historia. Hasara hiyo haitalipwa.

Bruda kutoka Flandria

Mwaka 1523 walifika Meksiko watawa watatu wa shirika la Mtakatifu Fransisko. Hawakuwa Wahispania, walitoka Flandria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Wasomaji wetu wa Kongo wanaijua Flandria, maana wamisionari wengi waliowafundisha babu zetu walitoka huko. Wawili kati yao walikuwa mapadri, nao walikufa mapema. Wa tatu alikuwa bruda, jina lake Pieter van Gent. Wahispania walimwita Pedro de Gante. Huyo aliishi Meksiko karibu miaka 50, akafa mwaka 1572, wala hakutaka kamwe kupewa upadri. Mwaka 1524 walifuata Wafransisko wengine 12, wakiongozwa na Padri Martín de Valencia.

Pedro alianza shule huko Texcoco, kisha akaianzisha nyingine kubwa katika mji wa Mexico. Alijifunza Nahuatl kwa bidii, hata mwaka 1529 aliandika kwamba lugha ya kwao ilikuwa inamtoka. Wamisionari wenzake walijifunza kwa kucheza na watoto: waliketi nao chini, wakauliza jina la kila kitu, na jioni wakaandika maneno waliyoyapata. Walimu wa kwanza wa walimu hao walikuwa watoto wenyewe.

Lakini mwanzoni mafundisho hayakushika mizizi. Watu walikaa mbali. Pedro mwenyewe alieleza katika barua kwa mfalme, mwaka 1558, jinsi alivyopata njia. Aliona kwamba ibada yote ya wenyeji ilikuwa kuimba na kucheza. Basi akatunga nyimbo za imani kwa lugha yao, akawachorea nguo za kuvaa katika ngoma zao, na kwenye sikukuu ya Noeli akawaalika waje waimbe kuzaliwa kwa Mkombozi. Watu wakaja kwa wingi, hata ua wa kanisa haukuwatosha.

Mwaona, wapenzi: nyumba ya nyimbo ilikuwa imebomolewa, na bruda huyu akaifungua upya katika ua wa kanisa. Aliuliza kwanza, watu hawa walikuwa wakijifunzaje? Kisha akapita mlango huohuo. Katika shule yake walifundishwa pia kusoma, kuandika, muziki, kuchora, kuchonga, ushonaji na uhunzi. Tena Pedro hakunyamaza juu ya mateso ya wanafunzi wake: alimwandikia mfalme akilalamika juu ya kodi na kazi za nguvu zilizowamaliza wenyeji.

Watoto waliotengwa na wazazi

Sasa tufike kwenye jambo zito. Wamisionari waliamuru watoto wa wakubwa wakae ndani ya nyumba za watawa, mbali na baba zao, ili wasifuate miungu ya zamani. Wakubwa wengine waliogopa, wakawaficha watoto wao, wakapeleka watoto wa watumishi wakiwavika kama watoto wao. Baadaye walijuta, kwa maana wale watoto wa watumishi walielimika, wakapewa ukubwa, na watoto wa mabwana wakabaki nyuma.

Katika watoto wa shule hizo Kanisa linawaheshimu watatu wa Tlaxcala. Cristóbal alikuwa mtoto wa mkubwa mmoja aitwaye Acxotecatl. Alimsihi baba yake aache ulevi na miungu, akavunja sanamu za nyumbani; mwaka 1527 baba yake mwenyewe akamwua. Mwaka 1529 Antonio na mtumishi wake Juan waliuawa walipokuwa wakiwasaidia wamisionari kukusanya sanamu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza wenye heri mwaka 1990, na Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 15 Oktoba 2017.

Tunawaheshimu watoto hao kwa moyo wote, kwa sababu walikubali kufa kuliko kumkana Mungu waliyemjua. Hata hivyo twaweza pia kulia juu ya nyumba zilizogawanyika namna hiyo. Ni uchungu mkubwa mtoto kufika mahali pa kuchagua kati ya baba yake na mwalimu wake. Imani yaweza kudai sadaka hiyo siku moja. Lakini shule isiitafute, wala isijenge juu ya dharau ya mtoto kwa wazazi wake.

Chuo cha Tlatelolco

Tarehe 6 Januari 1536, sikukuu ya Epifania, katika mtaa wa Tlatelolco kilifunguliwa Chuo cha Msalaba Mtakatifu. Askofu Juan de Zumárraga na mwakilishi wa mfalme, Mendoza, walikuwapo. Vijana kama 60 wa wakubwa wa wenyeji waliingia. Walilala pamoja, walisali pamoja, na walifundishwa Kilatini, ufasaha wa kusema, mantiki, filosofia na muziki. Hata dawa za miti za nchi yao zilifundishwa. Wamisionari walitumaini kwamba humo watatoka mapadri wa kwanza wa taifa lile.

Wanafunzi walifaulu kupita matumaini. Antonio Valeriano wa Azcapotzalco alijua Kilatini hata akawafundisha wengine, kisha akawa mtawala wa wenyeji wa mji wa Mexico kwa miaka mingi. Mapokeo yasema kwamba ndiye aliyeandika kwa Nahuatl habari za Bikira Maria wa Guadalupe. Mwaka 1552 mganga Martín de la Cruz alitunga kitabu cha miti ya dawa, na Juan Badiano wa Xochimilco, mwenyeji mwenzake, akakigeuza kwa Kilatini. Kitabu hicho kilikaa Roma muda mrefu. Mwaka 1990 Yohane Paulo II alikirudisha Meksiko.

Yasimuliwa pia kwamba padri mmoja Mhispania, ambaye Kilatini chake kilikuwa dhaifu, hakusadiki kwamba mwenyeji aweza kujua sala. Akamwamuru mwanafunzi wa chuo aseme Nasadiki. Mwanafunzi akasema vizuri. Lakini alipofika penye neno natus, yaani aliyezaliwa, padri akamkatiza, akisema kwamba imempasa kusema nato. Mwanafunzi, kwa heshima zote na kwa Kilatini, akamwuliza padri neno hilo nato lasimama katika hali gani ya sarufi. Padri hakuwa na jibu. Wanafunzi wetu wa seminari wataielewa furaha ya kijana yule, ingawa hatuwashauri kumwuliza mwalimu hivyo kila siku!

Mwalimu mkuu katika chuo hicho alikuwa Padri Bernardino de Sahagún, aliyefika Meksiko mwaka 1529. Aliwaita wazee waliokumbuka mambo ya zamani, akawauliza kwa utaratibu juu ya miungu, malezi, kazi, wanyama na vita. Wanafunzi wake waliojua Nahuatl, Kihispania na Kilatini waliandika majibu: Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita, Pedro de San Buenaventura. Hivyo vilipatikana vitabu 12, ambavyo leo hutunzwa mjini Florence, Italia. Bila kazi hiyo, maneno mengi ya wazee tuliyoyataja hapo juu yangalipotea kabisa. Tena Sahagún aliandika majina ya wanafunzi hao. Hakuificha kazi yao chini ya jina lake.

Padri huyu aliyapinga sana mambo ya miungu ya kale. Lakini katika uzee wake aliungama jambo moja. Alisema kwamba wamisionari walijaribu kuwalea vijana ndani ya nyumba zao, wakaona hawafaulu kama walivyofaulu walimu wa zamani. Utaratibu wa kale, ambao ulifaa tabia za nchi na za watu, ulikuwa umeangushwa wote pamoja na sanamu, na ulevi na ulegevu vikaingia. Si neno dogo kutoka kwa mmisionari.

Mlango uliofungwa

Hata hivyo wengi hawakukipenda chuo. Wahispania wengine walimwandikia Kaisari kwamba ni hatari kuwafundisha wenyeji Kilatini. Wengine walisema kwamba vijana hao wapenda kuoa, hawataweza useja. Mwaka 1555 mtaguso wa maaskofu uliofanyika Mexico ulikataza kuwapa wenyeji Daraja Takatifu. Wafransisko wenyewe walikuwa wamewaachia wanafunzi wa zamani uongozi wa chuo tangu mwaka 1546, na mali yake ikapungua. Tena zilikuja tauni mbili kubwa, mwaka 1545 na mwaka 1576. Katika ile ya kwanza Sahagún peke yake alizika zaidi ya watu 10,000 huko Tlatelolco. Mwaka 1577 mfalme Filipo II aliamuru maandiko yake yachukuliwe, na akakataza watu wasiandike tena juu ya desturi za wenyeji. Mwishoni chuo kilishuka, kikawa shule ya kusoma na kuandika tu.

Fikirini hasara hiyo. Vijana walioweza kusema Kilatini kuliko mapadri wengine hawakuruhusiwa kusimama altareni. Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo kidogo, lakini vizazi vilikuwa vimepita, na watu walikuwa wamehubiriwa Injili kwa muda mrefu kama wageni katika nyumba ya Baba yao.

Tunajifunza nini?

Sisi tuna sababu ya kumshukuru Mungu. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville karibu na ziwa Tanganyika, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza katika Kongo ya wakati ule. Miaka 362 ilikuwa imepita tangu katazo la Mexico. Kaoze alisoma Kilatini na filosofia ya Ulaya, lakini hakuacha kuandika juu ya fikira na desturi za watu wake. Walilotumaini wamisionari wa Tlatelolco, na lililozuiliwa kwa wanafunzi wao, babu zetu waliliona kwa macho yao.

Lakini tusijivune upesi. Kuna namna nyingine ya kuvunja malezi, isiyohitaji jeshi. Mzazi amlipia mtoto karo, amnunulia daftari, kisha hana neno tena la kumwambia. Mtoto naye, akisha kujua kusoma, aona kwamba nyanya yake asiyejua herufi hana la kumfundisha. Hapo nyumbani na shuleni vimetengana, wala hakuna Cortés wa kulaumiwa.

Ninyi wazazi, baba Mwazteki asiyejua herufi alikuwa na mashauri yaliyopangwa kwa kila umri wa mwanawe. Je, sisi tunayo? Ninyi walimu, kumbukeni kwamba Pedro hakufaulu mpaka alipojua watu huimbaje. Nanyi wanafunzi, wale vijana wanne wa Sahagún walitumia elimu yao mpya kuandika maneno ya wazee wao, na kwa sababu hiyo majina yao yanatajwa hata leo.

Basi tunawapa kazi ndogo. Jumapili hii, baada ya Misa, kila mwanafunzi achukue daftari, aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake, amsalimu kwa adabu, amwombe mashauri aliyopewa na baba yake siku alipoanza kuwa mtu mzima. Ayaandike kwa lugha ileile ya mzee, bila kuyapunguza. Jioni ayasome nyumbani mbele ya wote, na baba na mama wayaeleze kwa wadogo.